Mkate wa Wajomba

Bunagana, tarehe 4 Novemba 2001

Muzee Ferdinand, shemeji yangu,

Salamu kwako na kwa mama Marie-Louise. Barua hii nimempa Gradi, dereva wa lori la maharagi, maana posta tunaisikia kwa jina tu.

Mutoto wetu Nishimwe ameniandikia kwamba dot yake, sherehe ya mahari, itafanyika Jumamosi tarehe 26 Januari, kwako Murara. Nilicheza peke yangu kati ya vitanda vya mama waliozaa hapa hospitali, hata wagonjwa wakacheka. Halafu nikasoma ukurasa wa pili. Ameandika maneno ya Mukakalisa, shangazi ya bwana harusi: "Upande wa baba tunaujua. Upande wa mama ni picha ukutani. Siku ile kiti cha wajomba tukalishe nani, paka?"

Shemeji, ndugu yako Constant alinikuta Puebla, kule Meksiko, akisomea kilimo. Akanileta hapa mwaka 1979, mimi mukunga wa miaka ishirini na mbili. Nimezalisha watoto wa Kivu zaidi ya elfu mbili. Constant amekufa, mimi sijaondoka. Lakini huyo mama hajadanganya: kaka zangu hawawezi kuja. Basi nataka chakula chao kije.

Pale sokoni Birere nimetafuta chakula cha kwetu miaka mingi. Avoka iko, inashinda ya kwetu, na hili nalisema polepole kaka zangu wasisikie. Pilipili iko. Maharagi, nyanya, nguruwe, vyote viko. Mara moja, katika duka la wazungu wa misaada, nilipata kopo lenye picha ya mutu mwenye kofia pana kama mwavuli. Ndani mulikuwa vipande vya manjano, vigumu kama bati. Nilikula kimoja nikatoka machozi, si kwa kukumbuka kwetu, kwa sababu ya jino.

Mukate wetu wenyewe ni tortiya: wa mahindi, mwembamba, unakunjika kama kitenge. Ukiukunja ukapasuka, si wenyewe. Constant alipokuwa hai alinisaidia, na mukate ulikuwapo. Tangu afe sijaupika tena.

Mimi huku sina nafasi, askari wa waasi wanalala uani kwetu na kazi haiishi. Nakuomba mujaribu huko. Muchukue mahindi makavu meupe, muchemushe mu o de sho, muache mpaka asubuhi, muoshe sana, musugue ngozi itoke, ndipo musage yakiwa na maji yake. Ngozi isipotoka hakuna mukate.

Na kama hakuna mukate, shemeji, mimi sitakuja. Nitasema njia imefungwa. Afadhali waseme "waasi walimuzuia" kuliko kusema "alikuja mikono mitupu, hana kwao".

Ni mimi,
Consuelo

*

Goma, Murara, tarehe 15 Novemba 2001

Mpendwa shemeji Consuelo,

Barua yako imefika ikinukia maharagi, na tumeisoma mara tatu. Kwanza nikutoe wasiwasi: kama kaka mkubwa wa marehemu, mimi ndiye nitakayepokea ng'ombe wa Nishimwe, na sitaruhusu mtu amkalishe paka popote.

Pili, uniruhusu nikusahihishe kidogo. Najua Kiswahili na Kifaransa ulivijifunza kwa sikio, na sikio lako ni zuri, lakini sikio haliandiki. Umeandika "o de sho". Kifaransa huandika *eau chaude*, maneno mawili, wala hakuna "de" katikati. Maana yake ni maji moto, na ungeweza kuandika "maji moto" ukaeleweka na kila mtu. Nakueleza si kwa kukucheka. Mtu aliyefundisha miaka thelathini na moja hawezi kuona kosa akalipita, kama vile wewe huwezi kumpita mama mwenye uchungu barabarani.

Tumefanya jaribio. Mahindi ya Masisi, kilo mbili, katika maji moto sana. Tuliyaacha mpaka asubuhi, tukayaosha, ingawa sikuona sababu ya kuosha kitu kilichokwisha kuchemshwa. Nikadhani ni desturi ya usafi ya kwenu. Ngozi haikutoka. Marie-Louise alisugua mpaka kucha zikamuuma. Tukasaga hivyo hivyo kwa mashini ya mkono ya kusagia nyama. Mkate wa kwanza ulipasuka kama udongo wa kiangazi. Wa pili uligawanyika juu ya moto wenyewe, bila kuguswa. Marie-Louise akasema, "Papa Ferdinand, hawa wajomba wana hasira."

Tutaongeza moto. Usiseme habari ya kutokuja.

Shemeji yako,
Ferdinand

*

Bunagana, tarehe 29 Novemba 2001

Shemeji,

Nimecheka habari ya wajomba wenye hasira, lakini nusu tu. Nusu nyingine nimeogopa, siku zinaenda.

Kosa si moto. Ni ile sho. Muliweka sho kweli? Kwetu tunaiita *cal*. Bila cal mahindi hayashikani, hata uyapike mwezi muzima. Dada yangu alikuwa akisema cal ndiyo inafungua mahindi kama ufunguo. Uliza mutu yeyote Goma, mimi sijui mahali pa kuipata siku hizi.

Huku ni salama.

Consuelo

*

Goma, Murara, tarehe 12 Desemba 2001

Mpendwa shemeji,

Umenipa neno la kwenu, nami nimelifurahia kama mwalimu anayeletewa jiwe geni na mwanafunzi. *Cal!* Kihispania, kama unavyojua, ni mtoto wa Kilatini, na mimi Kilatini nilikisoma miaka sita katika seminari ndogo, kabla sijaona kwamba upadri haukuwa wangu. *Calor* ni joto. *Calidus* ni cha moto. Na kutoka *calidus* Wafaransa wakapata *chaud*. Unaona jinsi lugha zinavyoshikana mikono? "Cal" yako na "sho" yako ni neno moja, na neno hilo ni moto. Dada yako alisema kweli: joto ndilo linalofungua mahindi.

Basi safari hii tulichemsha saa tano mfululizo. Makaa yaliisha, tukanunua mengine. Mahindi yalilainika, lakini ngozi ilibaki imekaa kama mkwe asiyetaka kuaga. Mkate ukawa uji uliokauka. Jirani alionja, akasema kwa adabu kwamba watoto watakula.

Nimefikiri njia nyingine. Lile duka la wazungu bado lipo. Kopo zenye picha ya kofia zipo kumi na mbili. Tukizipasha moto na kuzipanga vizuri kwenye sahani, nani kati ya wakwe wetu wa Masisi atajua tofauti? Nishimwe anasema uje tu, hata na kopo. Anataka mama yake, hataki mkate.

Niambie haraka ninunue.

Ferdinand

*

Bunagana, tarehe 27 Desemba 2001

Muzee Ferdinand,

Usinunue.

Nani atajua tofauti? Mimi nitajua. Nimeishi katika nchi yenu miaka ishirini na mbili, sijamudanganya mutu hata kuhusu uzito wa mutoto. Siwezi kusimama siku ya binti yangu nikasema "hiki ni cha kwetu" juu ya kitu ambacho mama yangu angewatupia kuku, na kuku wangekataa.

Shemeji, wewe umefundisha watoto wa watu kuandika, lakini kusikia hapana. Sitasema tena neno kwa Kifaransa, maana Kifaransa changu kinanitesa. Unajua pale Birere, nilipowauliza mama wauza chakula "sho iko wapi?", mumoja alinipa termos ya chai. Mwingine akanipimia kabichi, akaniambia, "Shu si hii hapa, Mama Konswela?" Nikanunua kabichi kwa aibu.

Constant ndiye aliyeileta. Kule kwenye shamba la majaribio alikofanya kazi walikuwa wanaimwaga udongoni, sijui kwa dawa gani, na yeye aliniletea kidogo katika karatasi. Nyeupe, kama unga. Ukiishika na mukono wenye maji inauma. Nilitia kijiko kimoja katika maji, nikaosha mahindi mara saba ili isibaki. Ni ile ile wanaume wanapaka ukutani kanisani kabla ya Pasaka.

Sasa imekwisha. Siku za kujaribu zimekwisha pia. Mwambie Nishimwe njia ya Rutshuru imefungwa. Si uongo mukubwa, juzi walipiga lori mbili. Sikutaka kukuandikia hilo.

Mumupeleke vizuri.

Consuelo

*

Goma, Murara, tarehe 8 Januari 2002

Shemeji yangu mpendwa,

Barua yako nimeisomea uani, nikafika kwenye maneno "wanaume wanapaka ukutani", nikaketi chini palepale, mzee mzima, kwenye vumbi. Marie-Louise alidhani umekufa.

Chokaa. Consuelo, ni chokaa! *Eau de chaux*: maji ya chokaa. Uliandika sawasawa tangu barua ya kwanza, pamoja na ile "de" niliyokuondolea kwa kiburi changu. Na Kilatini nilichokuhubiria ni kweli, ila nilifungua mlango usio wake. Karibu na *calor* kuna neno jingine, *calx*, ndiyo chokaa. Kutoka hilo Wahispania wakapata *cal* na Wafaransa *chaux*. Mbele ya macho yangu kulikuwa na nyumba mbili zinazofanana, nikabisha hodi kwa jirani miezi miwili.

Na tafadhali ujue ukubwa wa aibu yangu. Mimi ni mwalimu wa kemia. Miaka thelathini na moja nimewaonyesha watoto maji ya chokaa: unapuliza pumzi yako kwa mrija, nayo yanageuka meupe kama maziwa. Nimepuliza mrija huo zaidi ya mtu yeyote Kivu. Lakini chokaa katika kichwa changu ilikaa darasani na ukutani. Haikunijia kwamba mama wa watu wanaweza kuwa wanakemia wakubwa jikoni, tena kabla ya shule zetu.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda Birere, si kwa mama wa chakula, kwa wauza saruji. Nikapata mfuko wa chokaa safi, isiyochanganywa na rangi wala gundi. Tukatia kijiko, tukachemsha saa moja, tukaacha mpaka asubuhi. Mahindi yakawa ya manjano, na nyumba, asema Marie-Louise, ikanuka kanisa jipya. Akatia mkono kusugua. Akapiga kelele. Ngozi za mahindi zilimbakia vidoleni kama utando wa maziwa! Tukaosha mara saba. Sasa najua sababu ya kuosha. Tukasaga. Ule unga mbichi ulishikana. Tukaubana kati ya vibao viwili, tukauweka juu ya mfuniko wa pipa. Ukavimba katikati, kama unavuta pumzi.

Nikaukunja mara mbili. Haukupasuka. Nikaukunja mara nne. Marie-Louise akaniambia, "Acha kuutesa, ule."

Nimeula. Sasa ninaelewa ulichokuwa unatafuta. Chokaa ipo, mahindi kilo arobaini yapo, tarehe ipo. Njoo, mama wa mtoto. Na unisamehe.

Ferdinand

*

Gisenyi, Rwanda, tarehe 20 Januari 2002

Consuelo,

Sote wazima. Naanza na hilo ili usome mengine ukiwa umeketi.

Alhamisi asubuhi volkeno ya Nyiragongo ilipasuka ubavuni, na kabla ya jioni moto ulikuwa ndani ya mji. Unakwenda polepole kuliko watu wanavyodhani, kama mtu anayejua kwamba hatazuiliwa. Birere imeungua. Murara yetu pia. Nyumba sikuiona ikianguka, lakini jana nilipanda mahali pa juu nikatazama: pale palipokuwa na paa langu pana jiwe jeusi linalotoa moshi. Chokaa, mahindi, vitabu vyangu vyote, viko chini yake. Nishimwe aliokoa cheti chake cha ubatizo na gauni la dot. Marie-Louise aliokoa mashini ya kusagia nyama. Nilimuuliza kwa nini hiyo. Akanijibu, "Ungetaka nibebe kamusi?"

Hapa tumelala chini ya turubai la mfanyabiashara mmoja. Jana wakaja watu wa Masisi kututafuta, Mukakalisa akiwa mbele na kapu la viazi. Nilitegemea aseme tuvunje harusi. Akasema, "Ng'ombe hawakuungua, mtoto hakuungua. Tutasogeza tarehe, hatutaifuta." Imesogezwa hadi Jumamosi tarehe 16 Februari, kwa rafiki yangu kule Himbi, ambako moto haukufika. Halafu akaongeza, kwa sauti ya chini lakini niisikie, "Na huko kwa mama, bado hakuna mtu?"

Chokaa sasa haipatikani, kila kiganja kinakwenda kwenye vyoo vya kambi kwa hofu ya kipindupindu, na ni haki. Nishimwe, maskini, alikusanya yale majivu meusi yaliyoanguka juu ya mapaa akaniletea: "Baba mkubwa, haya hayafai?" Nikamweleza. Majivu ya volkeno si majivu. Ni jiwe lililosagwa, ukilipika utakula mchanga. Majivu ya kweli ni ya kuni, na hayo yana ukali ulio ndugu ya chokaa. Nilipokuwa namweleza nikamwona mama yangu mimi, Masisi, akichuja maji juu ya majivu ya mabua ya maharagi katika chungu kilichotobolewa, kulainishia mboga ngumu. Maji yale yaliteleza vidoleni kama sabuni. Kemia ni ile ile.

Sina nyumba, sina mfuko, sina kitabu cha kuangalia vipimo. Lakini kuni zinawaka kila mahali hapa, na majivu hayauzwi. Sikupi ahadi. Nasema tu kwamba nitajaribu.

Ferdinand

*

Bunagana, tarehe 31 Januari 2002

Shemeji yangu,

Siku nne sikujua kama muko hai. Tuliona anga jekundu upande wenu, na redio ikasema Goma imekwisha. Mimi nimekulia chini ya mulima unaotoa moshi, kule Puebla. Bibi yangu aliuita kwa jina kama babu mulevi, akauombea asubuhi. Nilijua redio inasema nini.

Nimesikia aibu. Nilikuandikia kwamba sitakuja kwa sababu ya mukate. Usiku mmoja wa moto ungeweza kuniondolea mutoto, nami niko hapa nahesabu maneno ya Mukakalisa.

Nakuja. Hata kama majivu yatakataa, nakuja na mikono mitupu na nitaionyesha. Wewe sasa huna nyumba, mimi sina wajomba, tutasaidiana kuchekwa. Lori za misaada zinapita njia ya Rutshuru kwa ulinzi, Gradi amenipatia nafasi juu ya magunia. Nitafika tarehe 13.

Maji ya majivu muchuje mara mbili. Jaribu kwa ulimi, kidogo: yakiuma kama nyuki mutoto, yanatosha. Nyuki mukubwa, ongeza maji.

Consuelo

*

Goma, Himbi, tarehe 18 Februari 2002

Mpendwa shemeji,

Uliondoka jana alfajiri kuwahi mama wako wanaojifungua, hatukupata muda wa kuketi. Na siku yenyewe ulikuwa nyuma ya nyumba kwenye moto tangu saa mbili, ukikataa mtu mwingine ageuze mkate wako. Kwa hiyo hujui yaliyosemwa mbele. Acha nikueleze, kwa utaratibu.

Msemaji wao alimaliza kuhesabu ng'ombe. Halafu akageuka, akatazama upande wetu akasema, "Baba zake tumewaona. Wajomba wako wapi?" Kiti chao kilikuwa pale, kitupu. Niliinuka. Nilikuwa nimeandaa hotuba, kama unavyonijua, yenye Kilatini ndani yake. Marie-Louise akanivuta koti, akasema, "Papa, kaa. Wanakuja." Na wasichana wakaingia na vikapu, mvuke ukipanda.

Mukakalisa alichukua wa kwanza. Aliukunja. Aliufungua akautazama kama mtu anayetafuta mshono. Akaujaza maharagi na pilipili yako, akala, akala wa pili. Kisha akauliza kwa sauti, kila mtu asikie: "Hii mahindi imepita majivuni?" Nishimwe akamjibu ndiyo. Yule mama akaweka mkono kifuani. "Bibi yangu alipika hivi mahindi ya wagonjwa. Nilidhani imekufa naye. Nyinyi wa Meksiko mlifunzwa na nani?"

Nilitaka kumweleza kwamba ni kinyume, kwamba mahindi yenyewe yametoka kwenu na kuvuka bahari mpaka Masisi. Nilinyamaza. Nakuomba uliandike hilo mahali, kwamba mimi Ferdinand nilikuwa na maelezo nikanyamaza.

Akaenda kunong'ona na kaka zake. Wakabishana. Nilimsikia akisema, "Mnaona haya gani? Tumekosea, tumekosea." Kaka mkubwa akasimama. Akasema kwamba katika ukoo wao kuna ng'ombe wa wajomba, asiyechanganywa na wa baba, na kwamba walikuja bila yeye kwa sababu waliambiwa upande ule hauna watu. "Leo tumekula kwao. Mtu hawezi kula kwa watu akasema hawapo." Mtamba ametolewa, Consuelo. Yuko Masisi na wenzake, na hatachinjwa wala kuuzwa bila idhini ya mjomba mwenyewe. Wanataka jina lake, mwenyewe huyo, walitangaze kanisani Jumapili ya kwanza ya Aprili.

Nilijivunia siku ile kuliko siku yoyote niliyosimama mbele ya darasa. Na sikuwa nimesema neno.

Niandikie jina la kaka yako mkubwa.

Ferdinand

*

Bunagana, tarehe 3 Machi 2002

Muzee Ferdinand,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaketi, nikasimama tena. Halafu nikavuka mupaka kwenda Kisoro, kwa Waganda, ambako simu inafika mbali, nikapiga Puebla, dukani kwa jirani ya kaka yangu. Wakaenda kumwita. Nilimsikia akija mbio, anakohoa, anadhani nimekufa.

Jina lake ni Eusebio. Ana miaka sitini na mumoja, anauza vitunguu. Hajawahi kumiliki mnyama mukubwa kuliko mbuzi. Nilimwambia: mutoto wa dada yako ameolewa, wakwe zako wamekupa ng'ombe. Akauliza, "Wananijua?" Nikamwambia, "Wamekula kwako."

Basi akaanza maswali, na pesa yangu ya simu inaisha. Ng'ombe anakula nini, analala wapi, mulima ule uko mbali naye? Nikamujibu nilivyoweza. Moja lilinishinda. Nimeahidi kumpigia Jumapili ya tarehe 24, saa tisa ya huku, na atakuwa pale dukani na watoto wake wote, wamevaa vizuri.

Anataka kujua rangi ya ng'ombe wake. Tuma mutu Masisi akaangalie.

Consuelo